Itabeba Nini?



Wapendwa wasomaji wa tafakari hii ya kila juma, Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, tulibariki gari la parokia. Ni pikapu nyeupe, si mpya, ya kebini na nusu. Kabla maji ya baraka hayajakauka juu ya boneti, maswali yalikuwa yameanza. Vijana waliuliza kwa nini hatukununua dabo kebini kama ya jirani zetu. Wazee wa vigango waliuliza kwa nini hatukununua ya kebini moja yenye bodi ndefu. Na mama mmoja, baada ya kunisalimu kwa heshima zote, aliuliza kwa sauti ya chini: “Baba Paroko, fedha zilipungua?”

Nilimjibu kwamba maelezo ni marefu, na kwamba angeyapata hapa. Leo nalipa deni hilo. Pamoja nalo nalipa deni jingine, ambalo hakuna aliyenidai ila dhamiri yangu.

Wengi mnalikumbuka gari letu la zamani. Lilikuja enzi za wamisionari, likabeba matofali ya kanisa hili, likabeba maharusi, likabeba wagonjwa, likabeba na baadhi ya wazee wetu katika safari yao ya mwisho. Sisi wa huku milimani Mbinga tunajua barabara zetu. Kuanzia Novemba hadi Aprili udongo mwekundu huwa kama sabuni, na kigango chetu cha mbali kabisa kiko zaidi ya kilomita arobaini, kupanda na kushuka. Gari lile lilizeeka kama mtumishi mwaminifu anavyozeeka: kwanza magoti, kisha kifua. Mwaka ule fremu yake ilipata ufa, fundi akaichomelea. Ikapata ufa wa pili pembeni ya ule wa kwanza.

Usiku mmoja wa Machi nilipigiwa simu kutoka kigango hicho cha mbali. Mama mmoja alikuwa ameshikwa na uchungu, hali haikuwa nzuri, na mvua ilikuwa imenyesha tangu mchana. Gari letu lilikuwa nyuma ya nyumba ya mapadre, limewekwa juu ya mawe, springi zake za nyuma zimetolewa, wiki ya tatu sasa tukisubiri spea. Nilipiga simu kila nilikodhani kuna gari. Wenye pikipiki walisema hawawezi kushuka mteremko ule gizani. Mwishowe wanaume wa jumuiya walimbeba yule mama kwa machela. Mtoto alizaliwa njiani, kabla hawajafika kituo cha afya, naye hakuishi. Mama alipona, Mungu ashukuriwe.

Niliwatembelea siku nne baadaye, kwa miguu na kwa pikipiki. Baba wa mtoto hakunilaumu hata kwa neno moja. Alinikaribisha kiti, akaniletea chai, akanionyesha chini ya mgomba mahali walipomzika. Nilitamani anilaumu.

Baada ya Pasaka, Halmashauri ya Walei iliamua kwamba kila jumuiya ichangie gari. Hamkuwa na fedha nyingi, nami nalijua hilo. Zilikuja fedha za kahawa, yalikuja madebe ya mahindi, wakaja mbuzi na kuku. Yule baba naye alikuja, akitembea tangu alfajiri, na debe mbili za mahindi na noti chache zilizokunjwa ndani ya karatasi ya daftari. Akasema, “Padre, ni za gari.” Mhasibu akaandika jina lake kitabuni, akampa risiti.

Sasa naja kwenye ungamo langu. Majuma yale yale ambayo mahindi yale yalikuwa yakipimwa uani, mimi nilikuwa chumbani nikitazama picha za magari. Nilianza kwa nia njema, nikitaka kujua bei. Lakini kila mwenye kuzitazama picha za namna hiyo anajua zinavyovuta. Nilianza na gari la kazi, baada ya saa moja nikawa natazama viti vya ngozi. Kulikuwa na dabo kebini moja ya rangi ya fedha, rimu pana, bampa inayong'aa, skrini kubwa katikati ya dashibodi. Nilijiona ndani yake. Nilijiona nikiingia nayo kwenye mkutano wa mapadre jimboni. Sikuona katika picha ile mgonjwa yeyote, wala mfuko wa saruji, wala mtu aliyekaa pembeni yangu.

Sisi mapadre wa jimbo hatuweki nadhiri ya ufukara kama watawa, lakini tunaalikwa kuishi kwa kiasi. Julai 2013, akizungumza na waseminari na wanovisi, Papa Fransisko alisema kwamba humuuma kumwona padre au mtawa na gari la toleo jipya kabisa. Hakusema tusiwe na magari. Alikiri kwamba gari ni la lazima kwa kazi nyingi. Alisihi tuchague la kawaida, na tukivutiwa na lile la fahari, tuwafikirie watoto wanaokufa kwa njaa. Miezi miwili baadaye yeye mwenyewe alipokea zawadi ya Renault 4 ya mwaka 1984 kutoka kwa padre mmoja mzee wa Italia aliyekuwa ameitumia kwa miaka mingi katika utume wake. Nilikuwa nimeyasoma hayo yote, nikayafundisha hata kwenye mafungo. Lakini kufundisha jambo na kulitii ni mabonde mawili tofauti, na kati yake kuna mlima.

Tulipokutana kuamua, nilikwenda na picha zangu. Nilizungumza kwa ufasaha juu ya usalama, juu ya heshima ya parokia, juu ya wageni tunaowapokea. Wenyeviti wa vigango walitaka ya kebini moja, kwa sababu bodi yake ina urefu wa zaidi ya mita mbili na inabeba mahindi vizuri. Vijana waliniunga mkono, jambo ambalo lingenipa shaka mapema zaidi kama ningekuwa makini. Mjadala ulipamba moto. Ndipo katekista wetu mkuu, mzee ambaye amewafundisha sala wengi wenu na wazazi wenu, aliponyoosha mkono.

“Baba,” alisema, “mimi sijui magari. Naomba kuuliza tu. Itabeba nini?”

Nilianza kumjibu juu ya nguvu za injini. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akarudia, taratibu, kama anavyorudia swali la katekisimu kwa mtoto asiyesikia: “Nimeelewa, Baba. Itabeba nini?”

Tulichukua karatasi kubwa ukutani tukaanza kuandika. Saruji na mabati ya vigango. Mahindi ya zaka. Mimi na kisanduku cha Misa. Katekista. Masista wanaokwenda kufundisha. Wagonjwa. Kina mama wajawazito. Hapo mwenyekiti wa WAWATA akasema, “Na marehemu. Msijifanye mmesahau.” Kimya kilipita. Ni kweli, wapendwa. Katika vijiji vyetu vingi gari la parokia ndilo gari la wagonjwa na ndilo gari la maiti, na hakuna picha dukani inayoonyesha hivyo.

Mama yule yule ndiye aliyeuliza swali ambalo sisi wanaume hatukuwa nalo: “Huyo mgonjwa atakaa wapi? Na anayemshika atakaa wapi?” Katika kebini moja, mgonjwa hukaa wima, amebanwa kati ya dereva na mlango, na ndugu yake hurushwa nyuma pamoja na mizigo. Tumezoea kupakia watu nyuma ya pikapu. Si halali wala si salama. Nyuma hakuna mkanda wala kiti, na gari likipinduka, aliye nyuma hutupwa nje. Nimezika watu watatu waliokufa hivyo, nami bado nilikuwa nawapakia.

Basi tukaenda kupima. Seremala wa parokia, anayetengeneza majeneza, alituambia kwamba jeneza la mtu mzima kwa kawaida ni futi sita na nusu, yaani karibu mita mbili. Tulikata kamba ya urefu huo. Fundi makanika, mkatekumeni wetu wa mwaka ule, alikwenda nasi Songea, na katika kila yadi tulilaza ile kamba ndani ya bodi za magari. Wauzaji walitutazama kwa mshangao. Tulipowaeleza kamba ni ya nini, wawili walinyamaza na mmoja akaja kutusaidia kuishika.

Haya ndiyo tuliyojifunza. Nayaandika kwa kirefu kidogo kwa ajili ya parokia nyingine, vikundi vya ushirika na familia zinazofikiria kununua gari la namna hii.

Kwanza, pikapu hizi za ukubwa wa kati, ziwe Hilux, D-Max, Ranger, L200 au Navara, zinafanana zaidi kuliko wenye nazo wanavyokubali. Zote zina bodi iliyokaa juu ya fremu imara ya chuma, na kwa kawaida nyuma zina springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kwa ajili ya mzigo. Nyingine ni ndugu wa tumbo moja waliovaa nguo tofauti. Ranger na Amarok za toleo lililoanza mwaka 2022 zinaunganishwa katika kiwanda kimoja cha Silverton, Pretoria. Mazda BT-50 iliyotoka mwaka 2020 imejengwa juu ya mifupa ya Isuzu D-Max. Kwa hiyo mtu asiuze shamba kwa ajili ya nembo.

Pili, tofauti kubwa iko kwenye kebini. Dabo kebini hukalisha watu watano, lakini bodi yake ni kama mita moja na nusu. Ya kebini moja ina bodi ya zaidi ya mita mbili, lakini viti viwili au vitatu tu. Katikati kuna ile ambayo wauzaji huiita ekstra kebi, nasi twaiita kebini na nusu: nyuma ya viti vya mbele kuna nafasi ndogo yenye viti vidogo, na bodi yake ni karibu mita 1.8. Kamba yetu ililala humo ikabaki kipande cha shubiri moja hivi, ambacho kinatulia juu ya mlango wa nyuma ukishushwa. Katika dabo kebini, nusu mita nzima ilining'inia. Fikirini mteremko wetu.

Tatu, mzigo. Nilidhani, kama wengi, kwamba pikapu ya tani moja hubeba tani moja nyuma na watu juu yake. Fundi alinisahihisha. Kila gari lina uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa. Ukiondoa uzito wa gari lenyewe, kinachobaki ndicho uwezo wake, na ndani ya hicho wamo dereva, abiria na mizigo yote. Tuseme gari tupu lina kilo 1,900 na uzito wa juu ni kilo 2,800. Zimebaki kilo 900. Watu watano wa kilo 70 wamekwisha kula kilo 350. Zinabaki 550, yaani mifuko kumi na mmoja ya saruji, si ishirini. Nikakumbuka ule ufa wa fremu yetu ya zamani. Hatukurogwa, ndugu zangu. Tulizidisha mzigo miaka mingi, na tena tuliupanga mwisho kabisa nyuma ya ekseli, badala ya kuusogeza karibu na kebini. Chuma nacho hukumbuka.

Nne, injini. Za siku hizi za dizeli zina nguvu kwa kutumia mafuta kidogo, lakini nozeli zake ni laini mno. Maji na uchafu huziua. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango cha salfa katika dizeli kisichozidi sehemu 50 kwa milioni, na hilo ni jema kwa injini na kwa mapafu yetu. Lakini dizeli ikishaingia kwenye dumu la kijijini, kiwango chake anakijua mwenye dumu. Tena, baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya yana chujio la masizi kwenye bomba la moshi, ambalo hujisafisha kwa kuchoma masizi hayo gari linapotembea safari ndefu kwa mwendo wa kutosha. Gari la safari fupi za matope haliipati nafasi hiyo, na chujio huziba. Lililo bora kwa mwenzako laweza kuwa mzigo kwako.

Tano, magurudumu manne. Karibu zote za namna hii unachagua mwenyewe lini magurudumu ya mbele yavute pamoja na ya nyuma, na kuna gia nzito za kushukia na kupandia polepole. Hizo gia nzito ndizo zinazookoa maisha kwenye utelezi, kuliko ukubwa wa injini. Lakini usilifunge gari hivyo kwenye lami kavu. Kwenye kona magurudumu ya mbele hukimbia njia ndefu kuliko ya nyuma, na yakilazimishwa kuzunguka sawa, vyuma vya ndani hushindana hadi vivunjike. Fundi akasema ni kama ndoa isiyo na nafasi ya kupumua. Nimeiandika, nitaitumia kwenye semina ya wanandoa.

Sita, usalama. Mwaka 2018 shirika la Global NCAP liliigongesha katika majaribio pikapu moja iliyokuwa ikiuzwa Afrika, ikapata nyota sifuri kwa kumlinda mtu mzima. Mifuko ya hewa ilikuwamo, lakini kebini yenyewe haikustahimili. Kwa hiyo usiridhike na neno “pikapu ni ngumu.” Uliza juu ya toleo hilo hilo unalouziwa, na kama mikanda yote inafunga.

Saba, spea na fundi. Hilux ilianza kuuzwa Japani mwaka 1968, na leo hakuna mji mdogo huku kwetu usio na mtu anayejua kuifungua. Hiyo si sifa ya gari peke yake. Ni sifa ya mafundi wetu. Baada ya wiki tatu za gari kukaa juu ya mawe, nilijua kwamba gari lisilo na spea karibu ni pambo la uani.

Mwisho, namna ya kulikagua gari lililotumika. Fundi wetu alikataa kutazama gari lolote lililokuwa tayari linanguruma tulipofika. “Lililowashwa mapema linaficha kitu,” alisema. Tulirudi asubuhi, tukaliwasha likiwa baridi. Aliingia chini na tochi akitafuta kutu na alama za kuchomelea kwenye fremu. Alilinganisha namba ya fremu na ya kadi, tarakimu kwa tarakimu. Na kila alipomaliza alinitazama mimi, kwa sababu mara mbili nilikuwa nimeanza kupenda rangi.

Tulinunua Hilux ya kebini na nusu, ya kizazi kile cha saba kilichoanza mwaka 2004, injini ya dizeli ya lita 2.5, gia za mkono. Dabo kebini ile ya fedha ingetudai mkopo wa miaka mitatu. Tuliyoinunua ilibakiza fedha za matairi mapya yenye meno, machela nzuri inayokunjwa, na akiba ya matengenezo ya mwaka mmoja. Bwana Yesu alitufundisha juu ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza kuhesabu gharama asije akachekwa kwa msingi usio na ukuta. Naongeza kwa unyenyekevu kwamba bei ya gari ni msingi tu. Ukuta ni mafuta, matairi, bima, oili na mshahara wa dereva.

Katika siku zile nilisoma tena habari za Padre Paul Schulte, Mjerumani wa shirika la Waoblati wa Maria Imakulata. Rafiki yake, mmisionari kaskazini mwa Namibia, aliugua akafariki kwa kukosa usafiri wa haraka wa kumfikisha kwa daktari. Mwaka 1927 Padre Schulte alianzisha shirika la MIVA, ili wamisionari wapate vyombo vya usafiri, na tangu hapo waamini wa kawaida wa Ulaya wamekuwa wakichangia magari, boti, pikipiki na hata baiskeli kwa ajili ya kazi ya Kanisa. Shirika hilo lilizaliwa kutokana na kifo kimoja njiani. Nilipoifunga habari hiyo nilimkumbuka mtoto aliyelala chini ya mgomba, na nikaona haya kwa sababu ya viti vya ngozi.

Nikamkumbuka na yule Msamaria mwema. Injili haituambii punda wake alikuwa wa namna gani. Inatuambia kwamba alimpandisha juu yake yule aliyejeruhiwa. Maana yake, kwa safari iliyobaki, mwenye punda alitembea kwa miguu. Nimekuwa padre miaka kumi na tisa na nilikuwa sijaiona sehemu hiyo ya habari.

Sasa tumeweka taratibu, nazo zimebandikwa mlangoni pa ofisi. Hakuna mtu kukaa kwenye bodi ya nyuma, hata awe paroko. Mizigo itapimwa. Mgonjwa na mama mjamzito hutangulia safari nyingine yoyote, ikiwamo safari ya padre kwenda mkutanoni. Atakayeendesha hataendesha akiwa amekunywa. Mtakumbuka kwamba Juni 2007 Vatikano ilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani wenye amri kumi za madereva, na ya kwanza kati yake ni kutokuua. Tunadhani amri hiyo ni ya wenye bunduki na mapanga. Ni ya mwenye usukani pia, na ya mwenye gari anayeliacha breki zikiisha.

Jumatatu, siku iliyofuata baraka, gari lilifanya safari yake ya kwanza. Tulipeleka mifuko minane ya saruji kwenye kigango kile cha mbali. Barabara ilikuwa kavu, nasi tulifika mapema. Watu walilizunguka gari wakilishika. Yule baba alisimama pembeni, nami nikamwita aje alione. Nilimfungulia mlango, nikalaza kiti cha mbele cha abiria kwa nyuma, kadiri kinavyolala. Nikamwonyesha kiti kidogo kilicho nyuma ya dereva.

“Huyu mwenye kumshika mgonjwa anakaa hapa?” aliuliza.

“Hapa,” nilimjibu.

Aliingia, akakaa kwenye kile kiti kidogo, magoti yamepanda hadi kifuani. Akanyoosha mkono hadi mahali ambapo kichwa cha mgonjwa kingekuwa. Ulifika. Akakaa hivyo kitambo, kisha akatoka, akaenda kusaidia kushusha saruji.

Wapendwa, hata wewe usiye na mpango wa kununua gari, huenda juma hili unachagua kitu: shamba, shule ya mtoto, kazi, mchumba. Kabla ya kutazama rangi, chukua swali la katekista wetu ukae nalo mbele ya Sakramenti Takatifu. Na ukigundua, kama nilivyogundua mimi, kwamba katika picha uliyojichorea hakuna mtu mwingine ila wewe, usikate tamaa. Rudi tu ukachukue kamba, ukapime upya.

Mtakatifu Kristofa awaombee wote walio safarini. Dominika ijayo, Mungu akipenda, baada ya Misa ya pili nitabariki pikipiki na baiskeli zenu. Njooni nazo, na njooni na kofia ngumu.

Nawatakieni juma jema lenye baraka.

Padre wenu.